Sikio la Kulia la Mawingu

Sikio la Mawingu nililikata mimi mwenyewe, kwa kisu cha jikoni alichokuwa akikatia mchicha marehemu mke wangu Rispah. Nalisema mapema, kwa sababu watu wa Kikoneni wanalisimulia jambo hili kila mmoja kwa namna yake, na Shutu, naibu wa chifu, analisimulia kwa namna inayomfaa yeye.

Mawingu ni ng'ombe. Walikuwa wanne. Watatu walikwenda na mazishi na matanga, akabaki yeye, jike, na wakati huo alikuwa na mimba ya miezi sita. Rispah ndiye aliyemlea tangu ndama, akimnywesha maziwa kwa vidole baada ya mama yake kuumwa na nyoka. Binti yetu Chiku ameolewa Msambweni. Kwa hiyo katika boma langu tulikuwa wawili tu, mimi na Mawingu, na kama angekufa ningebaki mmoja.

Rispah alifariki wakati wa mvua ya Elnino, barabara ikiwa imekatika. Nilimbeba kwenye mkokoteni mpaka zahanati. Muuguzi akamchoma sindano moja iliyotoka kwenye friji isiyokuwa na gesi, maana mtungi wenyewe niliuona umelazwa nje. Siku ya pili akaniambia dawa imekwisha. Siku hiyo hiyo nilimwona mke wa Shutu akitoka kwa mlango wa nyuma na chupa mbili mkononi. Huenda zilikuwa za mafuta ya taa. Mimi sikuambiwa zilikuwa za nini.

Basi mwaka huo wa tisini na nane, mvua ya masika ilipokwisha, Shutu akaita baraza kwenye krashi, ile njia nyembamba ya magogo ambamo ng'ombe huingia mmoja mmoja kama watu kwenye foleni ya kura. Akasema homa ya mapafu ya ng'ombe imeingia upande wa Taru, kila ng'ombe atachanjwa, na kila aliyechanjwa atatiwa alama ya sikio ili ajulikane. Kando yake alisimama Mulinge, bwana mifugo, kijana wa wale Wakamba waliopewa mashamba huku zamani. Alikuwa na sanduku la barafu, sindano, na makoleo makubwa ya chuma.

Ng'ombe wa kwanza aliingia krashi. Mulinge akamchoma nyuma ya bega, akashika sikio la kulia, akabana makoleo. Kipande kikaanguka. Nilipoliona lile sikio nikasogea mbele.

Sisi huku hatuandiki majina kwenye ng'ombe. Tunakata masikio. Ukoo wangu hukata ncha ya sikio la kushoto. Akina Mwero hutoboa tundu katikati. Na ukoo wa Shutu, tangu enzi za babu yake, hukata ukingo wa sikio la kulia mfano wa mkia wa mbayuwayu, ncha mbili zimeachana. Na alama iliyotoka kwenye yale makoleo ilikuwa mkia wa mbayuwayu, sikio la kulia, pale pale.

"Mulinge," nikasema, "hebu inua hilo sikio, watu waone."

Akaliinua.

"Hiyo ni alama ya nani?"

"Ya serikali, mzee."

"Serikali ndiyo Shutu?"

Watu wakacheka. Mzee Mwero, jirani yangu ambaye hajapata kuuacha mzaha umpite, akapaza sauti: "Mwaka ujao tutaamka na sisi tumekatwa masikio, sote tuwe wajukuu wa Shutu!"

Shutu hakucheka. "Baba Chiku," akaniambia, "tangu mkeo atangulie mbele ya haki umekuwa na maneno mfululizo kama cherehani."

"Mtamba wa Mwero aliyechanwa sikio na waya wa senyenge alionekana wapi?" nikamuuliza. "Si bomani kwako? Alikaa miezi mitatu akila nyasi zako, mpaka Mwero alipokuja na mashahidi."

"Aliletwa na wachungaji."

"Na hawa pia wataletwa na wachungaji."

Mulinge alikuwa akitutazama kwa zamu kama mtu anayesikiliza lugha asiyoijua. "Wazee, mimi hizo alama za koo zenu sizijui," akasema. "Sisi nyumbani hatukati hivyo. Haya makoleo nilipewa ofisini yakiwa hivi hivi. Si mimi nimeyachonga."

Hapo ndipo nilipozidi kushuku. Ofisini kuna maumbo mangapi? Duara lipo, pembetatu ipo. Nani aliwaambia wachague mbayuwayu? Nikasogea kwenye lile sanduku, nikatia mkono kabla hajanizuia. Ndani mlikuwa maji, na vipande vya barafu vilivyobaki vilikuwa vidogo kama vidonge.

"Mzee, funga hicho kifuniko, unaingiza joto!"

"Joto limeingia kabla yangu," nikajibu. Nikafungua kamba ya Mawingu nikaenda zangu.

Baada ya wiki moja ng'ombe waliochanjwa walianza kuvimba nyuma ya bega. Wa Mwero alikuwa na uvimbe mkubwa kama embe. Mulinge akasema ni kawaida, ndiyo dalili kuwa dawa imeshika. Nikajisemea, sindano ya Rispah nayo ilivimba, na haikushika kitu.

Kisha likaja la bwawa. Kamati ikapitisha, na kamati ni Shutu na binamu zake, kwamba ng'ombe asiye na alama hatakunywa pamoja na wengine. Pale kwenye mteremko wakamweka Dzombo, mpwa wa Shutu, akiwa na fimbo na kofia ya mtu fulani wa usalama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nipishe."

"Sikio, mzee."

"Sikio langu au la ng'ombe?"

"Lako nalijua, halisikii. La ng'ombe."

Akanirudisha. Nikaanza kumpeleka Mawingu mpaka mtoni, Ramisi, nusu siku kwenda na kurudi. Siku ya kwanza alitembea vizuri. Siku ya tisa alilala njiani mara mbili. Mbavu zilitokeza, na tumbo la mimba likaning'inia kama kikapu. Nikaona wazi kwamba wakubwa wana njia mbili za kumchukua ng'ombe wako: wamtie alama yao, au wamnyime maji mpaka umpeleke wewe mwenyewe akatiwe.

Mimi nikapata njia ya tatu.

Ijumaa mchana, Waislamu wakiwa msikitini na Wakamba wakiwa mashambani, nilimfunga Mawingu kwenye mti wa mkanju. Nikakitia kisu makali. Nikaweka kipande cha ubao chini ya sikio, nikakata upande mmoja, nikakata upande wa pili. Alipiga kelele moja tu. Nikapaka majivu na chumvi, nikamshika kichwa mpaka alipotulia. Nikasema moyoni, alama yenu mmeipata, dawa yenu kaeni nayo.

Nilingoja siku kumi kidonda kikauke, kisha nikashuka bwawani. Dzombo akaligeuza sikio. "Amechanjwa wapi huyu? Kwenye krashi si uliondoka naye?"

"Siku hizi kumi alikuwa Lunga Lunga, kwa mlamu wangu Tsofa. Huko nako Mulinge alipita."

Tsofa ni kaka yake Rispah. Nilikuwa nimekwisha kumpangia maneno, na yeye kwa kumchukia Shutu angeapa hata kwamba Mawingu amebatizwa.

"Umeona, mzee?" akasema Dzombo. "Kumbe haiumi."

"Aliyeumia siye aliyekatwa," nikasema, na Mawingu akapita, akanywa hadi akaguna. Jioni hiyo Shutu alinikuta njiani akalitazama sikio akatabasamu. Wiki tatu nzima niliishi vizuri. Kila nikimwona Shutu nilikuwa nacheka ndani kwa ndani.

Mama Syombua ni Mkamba, mjane, shamba lake limepakana na langu. Alikuwa amenunua maksai wa kulimia kutoka kwa mchuuzi wa barabarani, mwenye alama nzuri kabisa sikioni. Huyo maksai alilala na Mawingu kivuli kimoja mchana kutwa, kwa sababu ng'ombe hawajui mipaka. Mwanzo alikohoa asubuhi tu. Halafu akawa anasimama ameinyoosha shingo na kuitanua miguu ya mbele, anavuta pumzi kama mtu anayepandisha mlima. Siku ya nne akaanguka.

Mulinge alikuja asubuhi. Tulijaa hapo mtaa mzima. Alimpasua maksai mbele yetu, na kifua kilipofunguka maji ya manjano yakamwagika, kama ndoo mbili. Akayainua mapafu. Yalikuwa magumu, madoadoa kama sakafu ya terazo, na upande mmoja yalikuwa yameshikana na mbavu mpaka ikabidi ayakate kwa kisu.

Hapakuwa na mzaha siku hiyo. Hata kwa Mwero.

"Ndiyo yenyewe," Mulinge akasema. "Sikilizeni. Waliochanjwa, dawa imeshakaa mwilini, msihangaike. Ndama waliozaliwa juzi na ng'ombe wowote wasiochanjwa waletwe krashi sasa hivi. Nina chupa moja, ya ng'ombe hamsini. Nikishaichanganya, saa nane ikifika haina kazi tena. Ikiisha, nyingine sijui italetwa lini."

Tukamzika maksai kwenye shimo refu na chokaa juu yake. Mama Syombua hakulia. Alisema tu, "Yule mchuuzi aliniapia. Akanionyesha sikio."

Nilikwenda nyumbani mbio. Mawingu alikuwa akicheua chini ya mkanju, hana habari. Nikamwekea sikio ubavuni. Hakukohoa. Nikafungua kamba, lakini njiani nikapunguza mwendo. Nitasema nini? Nikisema hakuchanjwa, nimesema nililighushi sikio. Shutu angeniweka ndani, au angesema ng'ombe wa mwongo achinjwe. Nikikaa kimya, dawa itaishia kwa ndama na Mawingu atabaki na sikio la uongo, kama maksai wa Mama Syombua.

Nilifika nikapanga foleni pamoja na ndama.

"Huyu ana alama," akasema Shutu. "Toa. Usimalize dawa ya wenzako."

Hapo shetani akanipa neno, nami nikalipokea bila kulichunguza.

"Alama anayo, dawa hana," nikasema kwa sauti. "Mnakumbuka siku ile nilitia mkono kwenye sanduku. Barafu ilikuwa imeyeyuka. Dawa aliyowachoma Mulinge ilikuwa imekwisha kuharibika. Ng'ombe wangu achomwe upya."

Watu wakatazamana. Halafu watu wakalipuka.

"Kwani wetu sisi walichomwa dawa gani?"

"Na wangu je? Ana uvimbe wa bure?"

"Nenda kamlete yule mwekundu! Kimbia!"

Watu wakaanza kukimbilia mabomani. Kufumba na kufumbua ng'ombe waliokwisha kuchanjwa wakaanza kuletwa, wanasukumana, ndama wanakanyagwa, magogo ya krashi yanalia. Mulinge alikuwa amekwisha kuichanganya ile chupa. Alisimama ameishika juu ya kichwa chake kama mtu anayevuka mto na mzigo.

Shutu akanijia. Alikuwa ametoa daftari mfukoni. Akaniwekea mkono begani, jambo ambalo hajapata kulifanya tangu tuzaliwe.

"Ndugu yangu Chengo," akasema taratibu, "maneno hayo utayarudia nikiyaandika? Utatia sahihi? Huyu kijana lazima aondoke. Nitaandika hivi: dawa ilikuwa mbovu, mashahidi ni wanakijiji wote."

Ndugu yangu. Mimi nimeishi na Shutu miaka hamsini na mbili, sijawahi kuwa ndugu yake. Alipokufa Rispah alituma salamu kwa mtu. Nikajua mara moja kwamba kuna kitu changu kinachotafutwa. Kisha nikakumbuka lililokuwa likisemwa sokoni: madume manane ya Shutu yalikuwa yamezuiliwa yasiende kwa wachinjaji wa Ukunda, wanaopeleka nyama kwenye mahoteli ya Diani, kwa sababu Mulinge alikataa kuandika kibali wakati wa karantini. Akiondoka Mulinge, madume yanaondoka. Na karatasi ya kumwondoa itakuwa na jina langu chini.

Nilihisi kama mtu aliyekwenda kuiba kuku akakuta amelibeba gunia la mwizi mwingine.

Mulinge alikuwa amefika kwa Mawingu. Alipitisha kiganja nyuma ya bega, juu na chini, polepole. Halafu akaligusa sikio, akaniinamia karibu.

"Mzee, hapa hapana kovu la sindano. Na makoleo hayakati hivi. Makoleo hukata mara moja. Huyu amekatwa mara mbili, na mkono ulitetemeka."

"Basi sema," nikamwambia. "Waambie."

"Sisemi mimi. Ng'ombe ni wako. Lakini saa nane haitungoji."

Mama Syombua alikuwa amesimama hapo, udongo wa kaburi la maksai ungali miguuni mwake. "Baba Chiku," akasema, na sauti yake ilisikika juu ya ng'ombe wote, "mimi nimefukia jembe langu leo asubuhi. Kama unajua kitu, sema. Kama hujui, funga mdomo, ndama wapate dawa."

Nikapanda juu ya gogo la krashi. Nikasema, "Rudisheni ng'ombe. Dawa ya Mulinge sijui kama ni mbovu au nzuri, kwa sababu ng'ombe wangu hajapata kuionja. Sikio nililikata mimi. Kwa kisu cha jikoni."

Sijui nilitegemea nini. Mawe, pengine. Lakini wa kwanza kusema alikuwa Mwero, na mzaha ulikuwa umemrudia: "Kwa hiyo Baba Chiku, sisi tulikatwa kwa nguvu, wewe umeingia ukoo wa Shutu kwa hiari yako?"

Kicheko kilichopigwa pale kilifika barabarani. Nilisimama juu ya gogo nikakila chote. Shutu peke yake hakucheka. Alifunga daftari, akaurudisha ule mkono wake mfukoni, na undugu ukaishia hapo.

"Ng'ombe huyu hachomwi," akasema. "Amedanganya serikali."

"Ng'ombe hajadanganya mtu, chifu," Mulinge akamjibu. "Na serikali ya dawa leo ni mimi. Ndama kwanza. Ikibaki, naye anachomwa."

Ilibaki. Mawingu alichomwa wa mwisho, wa arobaini na saba, kabla kidogo ya saa nane. Lakini Mulinge alisema kweli bila kuipamba: amekaa na mgonjwa, huenda ugonjwa uko ndani tayari na sindano imechelewa. Atafungiwa bomani wiki sita, asichanganyike na mnyama, asishuke bwawani. Akikohoa, ndiyo basi, yeye na ndama wake tumboni.

Wiki sita hizo nilichota maji mimi. Madumu manne asubuhi, manne jioni, kwenye ule mkokoteni. Pale bwawani Dzombo hakukosa neno. "Shikamoo mzee, leo sikio umeliacha nyumbani?" Namwitikia marahaba, najaza madumu, naondoka. Jioni nilikuwa naweka kigoda karibu na Mawingu nikisikiliza pumzi zake. Kila akipiga chafya kwa vumbi nilikuwa nasimama.

Mulinge alikuja kila Jumatano. Anamsikiliza kifuani, anampima joto, anaandika. Sikuwa nikimkaribisha kukaa. Nilikuwa najiuliza anatafuta nini. Mtu wa serikali hakusitiri bure. Wiki ya tatu nikashindwa kuvumilia.

"Siku ile ulikwisha kujua. Kwa nini hukunitaja?"

"Ningekutaja ungekana," akasema huku anaifuta pima-joto yake. "Ungekana, wangekuamini wewe, si mimi. Ng'ombe mia mbili wangegombania chupa moja, na ndama wasingepata. Ilikuwa lazima useme mwenyewe."

Hapo nikamwamini kidogo. Angesema alinihurumia, ningemfukuza.

"Na barafu?" nikamuuliza.

Akairudisha pima-joto mfukoni. "Siku ile baiskeli ilipata pancha mara mbili," akasema. "Dawa yenyewe ilikuwa chini kabisa, imegusa kile kilichobaki. Nilihesabu inatosha. Mzee, sikulala siku tano mpaka nilipoona wanavimba."

Mawingu alizaa wiki ya tano, jike, mweupe shingoni. Wiki ya sita ilipotimia Mulinge alimsikiliza muda mrefu, kulia, kushoto, akasimama akakung'uta magoti.

"Mapafu safi. Kesho mpeleke bwawani."

"Niandikie," nikasema.

"Nikuandikie nini?"

"Kwamba ni mzima. Jina lake, rangi, sikio lilivyo. Na mhuri."

Mulinge akacheka mpaka akashika nguzo ya boma. "Si ni wewe unayewaambia watu karatasi za serikali ni uongo mtupu?"

"Ni uongo," nikamwambia. "Lakini Shutu anaziogopa. Andika, na hapo kwenye sikio andika kwamba limekatwa na mwenyewe, Chengo, ili asije mtu siku moja akasema ni wa ukoo wake."

Akaandika. Nilimtaka anisomee mara mbili kabla ya kugonga mhuri.